NANI ANALIPIA KOPI YA FAILI LAKO? (Sehemu ya 5)

Inboksi imejaa swali moja: "Nesi, naweza kuomba kopi ya faili langu la kujifungua? Na nikiomba, nilipe?" Haki ya kuomba unayo. Hilo la kulipa lina historia ndefu, tuipitie leo, maana inagusa mfuko wako hata kama hujawahi kuomba faili lolote.

Tuanzie Uingereza, ambako jambo hili limebishaniwa miaka mingi. Graham Gaskin alizaliwa Desemba 1959. Mama yake akafariki, na Septemba 1960, mtoto hata mwaka hajatimiza, akachukuliwa na halmashauri ya jiji la Liverpool. Miaka mingi ya utoto wake alikuwa chini ya halmashauri hiyo, hadi alipofikisha 18. Alipokua alisema alitendewa vibaya huko, akaomba faili lake. Halmashauri haikukubali kumpa lote. Hoja yao: madaktari, walimu na walezi walioandika mle waliandika kwa siri.

Mimi na wewe tukitaka kujua tulikuwaje utotoni tunamuuliza mama au shangazi. Yeye angemuuliza nani? Habari zake zilikuwa kwenye lile faili. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Julai 1989 akashinda. Mahakama ilisema lazima awepo mtu huru wa kuamua pale mwandishi anapokataa maandishi yake yaonyeshwe.

Sasa tuje kwenye bili. Sheria ya Uingereza ya 1984 ilimruhusu mtu kuona taarifa zake zilizo kwenye kompyuta kwa ada isiyozidi pauni 10. Mafaili ya hospitali ya karatasi yalipata sheria yake mwaka 1990. Sheria ya 1998 ikaunganisha mambo: pauni 10 kwa kawaida, lakini faili la matibabu la karatasi liliweza kufika pauni 50. Muda wa kujibu, siku 40.

Hizo pauni 50 unaweza kuziona nyingi, lakini hebu tazama kazi yenyewe. Kwanza mtu alitafute faili, na la zamani huenda liko stoo. Pili, ahakikishe anayeomba ni wewe kweli, siyo mtu mwenye ugomvi na wewe. Tatu, asome ukurasa kwa ukurasa, maana ndani ya faili la mama mjamzito kuna habari za watu wengine. Majibu ya vipimo vya mwenza wako yanaweza kuwa mle, na hayo siyo yako kuyachukua. Ndipo atoe kopi. Faili nene linaweza kumla mtu nusu siku, na huyo mtu analipwa mshahara.

Mei 2018 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ikaanza. Ada ikafutwa kwa maombi ya kawaida, na muda ukawa mwezi mmoja. Wagonjwa walifurahi. Madaktari wa Uingereza wakalalamika, maana mawakili wenye kesi za fidia nao walianza kuomba mafaili ya wateja wao kwa njia hiyo hiyo, bure. Kazi haikupungua, ila gharama ilihama kutoka kwa muombaji ikaenda kwenye fungu la afya, yaani kodi ya wote. Ujerumani nako mgonjwa alibishana na daktari wake wa meno aliyetaka alipie kopi. Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kopi ya kwanza ni bure, hata kama unaitaka ili ukamshtaki daktari mwenyewe.

Kwetu je? Kenya ilitunga sheria yake 2019, na kanuni za 2021 zikasema ombi lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazotunzwa. Haki imefika. Lakini anayetafuta faili mara nyingi ni yule yule ambaye foleni inamsubiri dirishani.

Je, turudishe ada kubwa? Mimi nasema hapana. Ada inamzuia mama asiye na kitu, na huyo ndiye mara nyingi anahitaji faili zaidi. Ipo njia iliyojaribiwa. Japani mwaka 1942 ilianza kuwapa wajawazito kijitabu chao, na 1948 kikaunganishwa na cha mtoto. Mama anakaa nacho mwenyewe. Kadi yetu ya kliniki inafanya kazi hiyo hiyo: kila uzito na kila chanjo iliyoandikwa pale ni ombi ambalo hakuna atakayelazimika kulishughulikia baadaye.

Kwa hiyo, mama:

1. Kabla hujatoka wodini, omba karatasi ya ruhusa na majibu ya vipimo. Siku hiyo faili liko mezani, ni dakika chache tu.
2. Ukiomba baadaye, taja unachotaka: "maelezo ya upasuaji wangu wa mwezi fulani". Ukisema "faili lote" utasubiri zaidi na utamfanya mtu asome kurasa usizozihitaji.
3. Nenda na kitambulisho, andika ombi, bakiza kopi yake.
4. Ukihitaji lote, omba lote. Usione aibu, ni haki yako.

Na hiyo kadi ya mtoto, jamani, itoeni chini ya godoro muiweke kwenye mfuko wa nailoni. Sehemu ya 6 tutaongelea nani anaruhusiwa kuona faili la mtoto wazazi wakiachana. Maswali yaacheni hapo chini.