Kwa nini marashi ya asumini hubadilika harufu ukishajipaka

Msikilizaji wetu, bila shaka limewahi kukutokea hili. Umefika sokoni Tabora mjini, muuzaji amekupaka tone la marashi ya asumini mkononi, umenusa, umependa, umelipa. Jioni umefika kijijini, harufu si ile tena. Si lazima uwe umetapeliwa.

Marashi ya maua ni mchanganyiko wa vitu vingi, na haviruki hewani kwa kasi moja. Vyepesi hutangulia, kama mafuta ya ganda la limau na chungwa. Hivyo ndivyo vinavyokupiga puani dakika kumi na tano za mwanzo, pamoja na spiriti iliyomo kwenye chupa za kupuliza. Vikiondoka, maua yenyewe hujitokeza: asumini, waridi, langilangi. Hapo marashi ndiyo yanakuwa yenyewe, kwa saa kadhaa. Mwisho hubaki vizito: sandali, udi, miski, ambari. Hivyo utavinusa hata kesho yake kwenye mtandio au kola ya shati.

Asumini ina siri yake. Ndani ya ua hilo kuna kitu kiitwacho indoli, ambacho kikizidi hunuka kama kinyesi. Kikiwa kidogo hulipa ua uzito ule wa usiku. Ndiyo maana marashi yale yale mmoja atasema ni ya harusi, jirani yake akakunja pua.

Langilangi nayo inafundisha vizuri. Visiwa vya Comoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na maua yake yamo katika Chanel No. 5, marashi ya Ufaransa yaliyotoka mwaka 1921. Maua huchumwa alfajiri, kisha hupikwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Mafuta yanayotoka mwanzo ni mepesi na bei yake ni ya juu kuliko yote. Yanayofuata hutengwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Yaani mtambo unatenganisha vyepesi na vizito, kazi ile ile inayofanywa na joto la mkono wako.

Hapa Tabora utamaduni wa udi, ubani na marashi uliletwa na watu wa pwani na Waarabu wa Oman waliohamia Unyanyembe kwa njia ya misafara. Haikuwa safari ndogo. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Reli ilitufikia mwaka 1912. Marashi ya asili hiyo ni mafuta matupu, hayana spiriti. Huanza taratibu, hayapigi kelele, lakini hukaa.

Ngozi pia ina neno. Ngozi kavu hupoteza harufu upesi, na kiangazi chetu mnakijua. Jipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, kisha marashi juu yake. Usisugue viganja kwa nguvu. Unaongeza joto na vyepesi vinakimbia mapema.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua chupa haraka haraka siku ya harusi ya ndugu yangu. Dukani ilinukia bustani nzima. Kabla ya chakula kuandaliwa haikubaki hata harufu ya jani. Chupa ile ilikuwa mwanzo mtupu, haina katikati wala mwisho. Tangu hapo napaka tone, nazunguka sokoni saa nzima nikinunua mchele na dagaa, ndipo narudi dukani kulipa au kushukuru na kwenda zangu. Wauzaji wengine hununa. Waache wanune, pesa ni yako.

Tahadhari mbili. Mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda, yakiwa kwenye ngozi juani, yanaweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Ukienda shambani pulizia nguo. Na ninyi wafugaji wa nyuki, siku ya kwenda kwenye mizinga marashi yabaki nyumbani. Harufu kali huwachokoza nyuki, nao hawatasubiri dakika kumi na tano zipite.