A/T: Tairi la Ardhi Zote au Tairi la Mseto?

Kwenye ubavu wa tairi la gari la 4x4, mara nyingi karibu na jina la kiwanda, huandikwa herufi mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju: H/T, A/T au M/T. Herufi hizo ndizo zinazoeleza gari litavuma kiasi gani barabarani, breki zitashika vipi mvua ikinyesha, na litakwama wapi. Jozi mbili kati ya hizo hazina ugomvi. H/T ni tairi la barabara kuu, na kwa Kiswahili cha kila siku tunaweza kuliita tairi la lami bila kupoteza kitu. M/T ni tairi la matope, basi. Ugomvi uko kwenye A/T. Ukiitafsiri All-Terrain ya Kiingereza neno kwa neno unapata "tairi la ardhi zote", na wapo wanaosema "tairi la njia zote". Kwa kamusi, tafsiri zote mbili ni sahihi. Kwa mnunuzi, zote mbili zinapotosha.

Tuanze na kashata. Kwa mtoto wa shule, kashata ni kitafunwa cha nazi au karanga. Kwenye gereji za Tanzania ni yale mafungu ya mpira yaliyochomoza juu ya tairi, ambayo yakiisha tairi huitwa kipara. Tairi la lami lina kashata pana zilizokaribiana, na mifereji yake huzunguka tairi moja kwa moja ili maji yapate pa kutokea. Likiwa jipya, mifereji hiyo ina kina cha milimita 8 hadi 10 hivi. Tairi la matope ni kinyume chake: kashata nene zilizoachana, kina kinachoweza kufika milimita 15, na meno mengine yameshuka mpaka ubavuni. Ile nafasi pana si pambo. Gurudumu likizunguka kwa nguvu, tope lililojaa katikati ya kashata hurushwa nje, na kashata hurudi kuuma ardhi zikiwa safi. A/T limekaa kati ya haya mawili. Kashata zake ni kubwa kuliko za lami lakini zimeshikana, na juu ya kila moja pana mikato myembamba ya kusaidia kushika penye maji.

Kila kilichoongezwa hapo kimelipiwa mahali pengine. Nafasi zikiongezeka, mpira unaogusa lami unapungua. Kashata ndefu iliyosimama peke yake huyumba gari linapokata kona au kufunga breki. Hewa inayobanwa na kuachiwa katikati ya kashata ndiyo ule mvumo unaowafanya abiria wa nyuma wapandishe sauti ukifika kilomita 80 kwa saa. Tairi zito hupoteza nguvu nyingi kwa kujikunja na kujikunjua, na nguvu hiyo inatoka kwenye tangi la mafuta. Ndiyo maana, ukilinganisha matairi ya ubora unaokaribiana, la lami ndilo linalosimamisha gari mapema kwenye barabara iliyolowa. A/T huchelewa kidogo, na la matope huchelewa zaidi. Dereva wa barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, anayefuata lori la mafuta kwenye manyunyu, anapaswa kulijua hilo kabla ya kuvutiwa na sura ya tairi.

Sasa tuzipime hizo "ardhi zote". Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, hauliheshimu jina hilo hata kidogo. Nafasi za A/T hujaa udongo huo kwa mizunguko michache tu, udongo hautoki, na tairi linakuwa duara laini la tope linaloteleza juu ya tope. Anayeishi huko anahitaji M/T, na hata hilo si dhamana. Kwenye mchanga mkavu hali ni nyingine kabisa: kinachookoa si kashata, ni upepo. Dereva anayeshusha upepo hadi PSI 18 hivi hulifanya tairi lilale na kutandaza uzito, hivyo gari hupita juu ya mchanga. Kashata za M/T hapo huwa adui, kwa sababu ukikanyaga mafuta zinachimba shimo na kulizamisha gari. Tairi la lami lililoshushwa upepo linaweza kuvuka mchanga ambao A/T lililojazwa kamili limezama. Muhimu ni kwenda polepole na kurudisha upepo kabla ya kupanda lami, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata moto na kupasuka.

Ardhi ambayo A/T linaistahili kweli ni changarawe na mawe, na kwa Afrika Mashariki hilo si jambo dogo. Ukitoka Arusha kupitia Mto wa Mbu na Karatu, lami inakufikisha mpaka lango la Ngorongoro. Ukilivuka kuelekea Seronera, unaingia kwenye safari ndefu ya vumbi, mikunjo ya barabara na vijiwe vyenye makali. Huko tairi la lami hung'oka vipande vya kashata na kuchanika ubavu, na pancha haziishi. A/T lina mpira mgumu wa kuhimili kukatwa, na mara nyingi ubavu wake ni mnene zaidi. Linazimudu pia barabara za vijijini za udongo mwekundu zilizolowa juu lakini zenye chini imara. Kwa hiyo ukitaka kulieleza kwa ukweli, ni tairi la lami na changarawe linalovumilia tope kiasi.

Hilo la "zote" lilitoka wapi? Kwa wauzaji, tangu mwanzo. Mwaka 1976 kampuni ya Marekani ya BFGoodrich ilitoa tairi lake la radiali la jina hilo na kulijengea sifa kwenye mashindano ya jangwani ya Baja, Mexico. Jina likapendwa, na leo karibu kila kiwanda kina A/T lake. Hakuna chombo kinacholipima tairi kwenye mchanga, tope na mawe kabla halijaandikwa herufi hizo. Kiwanda kinajiandikia chenyewe. Ndiyo maana A/T mbili za bei inayokaribiana zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa tairi la lami lililochongwa sura ya ukali, nyingine ikikaribia kuwa tairi la matope.

Mimi naliita tairi la mseto, na ningependa watunga istilahi walifikirie jina hilo. Sababu ya kwanza ni maana. Mkenya na Mtanzania wote wanaijua serikali ya mseto: kila mshirika amepata kitu, na kila mshirika ameacha kitu. Anayesikia "ardhi zote" anauliza bei. Anayesikia "mseto" anauliza mseto wa nini na nini, na hilo ndilo swali linalotakiwa. Sababu ya pili ni kwamba neno hili linakubali viwango. Tunaweza kusema mseto wa upande wa lami na mseto wa upande wa matope. Viwanda vyenyewe vimelazimika kufika huko, maana sasa vinauza R/T, tairi la kati ya A/T na M/T. Kwa istilahi ya "ardhi zote" R/T halina pa kukaa. Kama ardhi zote zimeshachukuliwa, hili jipya linakwenda wapi? Kwa istilahi yangu ni mseto mkali, na mazungumzo yanaendelea.

Nasikia mtu akisema neno halina uzito wowote dukani. Lina. Sikiliza mazungumzo kwenye duka lolote la matairi kule Gerezani, Kariakoo.

"Bosi, chukua hii. Ni A/T, inakwenda popote."

"Hata kwenye matope, fundi?"

"Tazama mwenyewe, imeandikwa M+S. Hiyo M ni matope."

Fundi hajadanganya, M ni matope kweli na S ni theluji. Lakini alama ya M+S inahusu mpangilio wa kashata tu, haitolewi kwa kufaulu mtihani wa tope, na matairi mengi ya lami ya magari ya 4x4 yanayo. Mwenye kutafsiri herufi peke yake atatoka dukani akiamini amenunua tairi la matope. Alama inayotokana na mtihani ni nyingine, mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, nao mtihani wenyewe ni wa theluji.

Theluji yenyewe inatuhusu kuliko tunavyodhani. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na baadhi hushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yamevaa matairi ya majira ya baridi. Yanatambulika: ubavuni pameandikwa "STUDLESS", kashata zimejaa mikato iliyosongamana ya kupindapinda, na mpira ni laini kwa ukucha. Mnunuzi huona kashata nzima na kufurahi. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya joto la Pwani hulegea, hufanya gari liyumbe kwenye kona, na huisha upesi. Gari likija na hayo, yahesabu kama hayapo na uanze kutafuta mengine.

Ukitafuta, shika kwanza ukubwa ambao gari lilizaliwa nao. Prado nyingi za mijini kwetu huvaa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R ni radiali, na 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Vijana hupenda kuruka hadi 265/70R17 ili gari lisimame juu. Fanya hesabu: kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, ongezeko la asilimia 3.4. Gari limeinuka milimita 13 tu. Mshale ukisoma 100, mwendo umeongezeka kwa asilimia hiyo hiyo. Injini inasukuma gurudumu refu zaidi, na usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi linaweza kusugua plastiki za ndani. Kwa gari la lami, faida hiyo haifiki hasara yake.

Baada ya ukubwa huja uzito na mwendo, kwa mfano 112S. Namba 112 maana yake tairi hilo linabeba kilo 1,120, na S ni mwendo wa juu wa kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba iliyotoka kiwandani. Ukiona LT mbele ya ukubwa, hilo limejengwa kwa magari ya mizigo. LT265/65R17 la plai kumi kwa kawaida husoma 120/117, yaani kilo 1,400 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, au 1,285 kila moja yakiwa mawili mawili. (Plai kumi siku hizi si matabaka kumi ya kuhesabika, ni kipimo cha nguvu kilichobaki na jina la zamani.) Ubavu wa LT unastahimili mawe, lakini ni mzito, unarusha abiria gari likiwa tupu, na unahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Ukilijaza upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ambao uliandikwa kwa ajili ya tairi la kawaida, unalinyima uwezo ulioulipia. Anayebeba familia na mabegi mawili hana haja nalo.

Tarehe huangaliwa kwenye namba nne zinazomalizia mstari wa DOT: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la miaka sita stoo si jipya, hata kama nywele zake za mpira bado zimesimama.

Jambo moja huwaumiza wengi wanaonunua kidogo kidogo. Prado huvuta kwa magurudumu yote wakati wote. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha mawili yaliyoisha nyuma, tofauti ya milimita 7 za kashata ni tofauti ya milimita 14 za kipenyo. Mbele na nyuma hazizunguki sawa, na difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Changanya mseto na lami na hali inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa hata kushika ardhi hakulingani.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama gari linashinda mjini na kuonja vumbi sikukuu kwa sikukuu, nunua tairi la lami la kiwanda kinachoaminika. Koleo, kamba ya kuvutia na pampu ya upepo vitakutoa penye tope kuliko kashata utakazoburuza mwaka mzima. Kama kila wiki unamaliza safari kwenye changarawe, nunua mseto wa upande wa lami, wa ukubwa uleule, bila LT. Tairi la matope waachie wanaoishi kwenye matope. Na fedha ikiruhusu nunua matano, kwa sababu spea ya aina tofauti kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha wa karibu tu, si ya kumalizia safari.