Harry Fielding Reid na mrejeo wa kinyumbufu wa miamba

Harry Fielding Reid (1859–1944) alikuwa mwanajiofizikia wa Marekani aliyeonyesha kwa vipimo kwamba miamba ya ganda la dunia hunyumbuka taratibu kwa miaka mingi kabla ya kukatika, na kwamba kukatika huko ndiko tetemeko lenyewe. Nadharia yake, mrejeo wa kinyumbufu, ilichapishwa mwaka 1910. Hadi leo ni miongoni mwa masomo ya kwanza kwa mwanafunzi yeyote wa matetemeko.

Maisha

Alizaliwa Baltimore, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1885, akafundisha Cleveland kwa muda, kisha akarudi Johns Hopkins. Kabla ya mwaka 1906 alijulikana zaidi kwa utafiti wa barafuto. Mwaka 1890 na 1892 alipima barafuto ya Muir huko Alaska, na barafuto nyingine ya Glacier Bay imepewa jina lake. Kazi hiyo ilimwandaa vizuri kwa iliyofuata. Barafu, kama ulivyo mwamba, huonekana kitu kigumu kilichotulia, na anayetaka kujua kama inasogea hana budi kuweka alama, kusubiri, na kurudi kupima tena.

Fikra za kabla yake

Katika karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba nyufa zinazoonekana ardhini baada ya tetemeko ni matokeo yake tu, na chanzo chenyewe wakakitafuta kwenye milipuko ya chini kwa chini. Grove Karl Gilbert wa Marekani alikuwa na shaka na maelezo hayo tangu miaka ya 1880. Huko Japani, baada ya tetemeko la Nobi la 28 Oktoba 1891, Koto Bunjiro alitazama mahali ambapo ardhi ilikuwa imetengana kwa kimo cha takribani mita 6 na akasema wazi kwamba ufa ndio uliosababisha mtikisiko. Koto na Gilbert waliona sawasawa. Walichokosa ni vipimo vya jinsi ardhi ilivyokuwa kabla ya kupasuka.

Tetemeko la San Francisco na vipimo vya miaka 50

Saa 11 na dakika 12 alfajiri, tarehe 18 Aprili 1906, ufa wa San Andreas ulipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 430. Tetemeko na moto uliofuata viliteketeza sehemu kubwa ya San Francisco, na makadirio ya siku hizi yanataja vifo zaidi ya 3,000. Siku tatu baadaye gavana wa California, George Pardee, aliunda tume ya uchunguzi chini ya mwanajiolojia Andrew Lawson. Jimbo halikutoa fedha za kazi hiyo, na gharama zikabebwa na taasisi ya Carnegie ya Washington. Gilbert na Reid walikuwa miongoni mwa wajumbe.

Wachunguzi waliufuata ufa kwa miguu, shamba kwa shamba. Kaskazini mwa jiji, uzio wa mbao uliokuwa umekatiza ufa ulikutwa umevunjika, na kipande kimoja kimesogea karibu mita 2.6 pembeni ya kingine. Karibu na ghuba ya Tomales, barabara ilikuwa imehama kwa takribani mita 6. Kwenda juu au kushuka kulikuwa kudogo sana: karibu mwendo wote ulikuwa wa ubavuni, upande wa magharibi ukielekea kaskazini.

Hapo ndipo Reid alipogeukia madaftari. Wapima ardhi wa serikali ya Marekani walikuwa wamepima pembe kati ya vilele vya milima na minara ya pwani ya California mara mbili kabla ya tetemeko, kati ya 1851 na 1865, kisha kati ya 1874 na 1892. Lengo lao lilikuwa kuchora ramani za mabaharia. Mara baada ya tetemeko, katika 1906 na 1907, alama hizo hizo zilipimwa upya. Ni nadra sayansi kupata bahati ya namna hii, na Reid aliitumia vema.

Alipolinganisha seti hizo tatu aliona mambo mawili. Kwanza, alama zilizo mbali na ufa, kila moja upande wake, zilikuwa zimepishana kwa mita 3.2 katika miaka 50 iliyotangulia tetemeko, wakati ufa wenyewe umekaza bila kuteleza. Pili, katika tetemeko lenyewe alama zilizoruka zaidi ni zile za karibu na ufa. Upande wa mashariki, zile zilizokuwa kwa wastani kilomita 1.5 kutoka kwenye ufa zilihama mita 1.54, na iliyokuwa kilomita 6.4 ilihama mita 0.58 tu. Kama tetemeko lingekuwa msukumo mpya uliotoka mbali, alama zote za upande mmoja zingehama kwa kiasi kinachokaribiana. Kupungua huko kulionyesha kwamba miamba ilikuwa imeshapinda, ikashikwa penye ufa, na iliposhindwa kuvumilia ikarejea katika hali yake ya kunyooka.

Kutokana na hayo Reid alieleza jambo lililokuwa likiwachanganya wapimaji. Uzio uliojengwa zamani sana, kabla miamba haijapinda, baada ya tetemeko hubaki vipande viwili vilivyonyooka. Uzio uliojengwa umenyooka muda mfupi kabla ya tetemeko hutoka na mkunjo karibu na ufa, kwa sababu ulisimikwa juu ya ardhi iliyokwisha kupinda.

Alilithibitisha jambo hilo mezani. Alichukua jeli ngumu iliyoshikamana na vipande viwili vya mbao, akaikata katikati kwa kisu kikali, akaibana ili pande mbili zishikane. Ubao mmoja uliposogezwa, mstari uliochorwa juu ya jeli ulipinda. Alipolegeza mbano, jeli iliteleza penye mkato, na nusu mbili za mstari zikanyooka zikiwa hazikutani tena.

Kwa kuwa mtelezo mkubwa ulifikia kama mita 6.4, Reid alikadiria kwamba mkazo uliotolewa mwaka 1906 ulikuwa umejikusanya kwa takribani miaka 100. Alipendekeza nguzo zijengwe kukatiza nyufa, kilomita moja moja, zipimwe kila baada ya muda ili kujua ardhi inapokaribia kukatika. Hayo yote yamo katika juzuu ya pili ya ripoti ya tume. Juzuu ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka 1908.

Mapungufu

Reid hakuweza kusema ni nini kinachosukuma ardhi. Alikisia mtiririko wa polepole chini ya ganda. Jibu lilikamilika katika miaka ya 1960 kwa nadharia ya mabamba ya gandunia. Utabiri pia ulikuwa mgumu kuliko alivyotumaini. Huko Parkfield, California, tetemeko lililotarajiwa kabla ya mwaka 1993 lilikuja 28 Septemba 2004.

Majaribio ya maabara

Alichokionyesha Reid kwa jeli kilijaribiwa baadaye kwa mwamba wenyewe. Mwaka 1966 watafiti William Brace na James Byerlee walionyesha kwamba mwamba uliokatwa na kubanwa kwa nguvu kubwa hushika kisha huteleza kwa mishtuko. Mwaka 1978 Byerlee alionyesha kwamba nguvu ya msuguano inakaribiana kwa aina nyingi za miamba, isipokuwa ile yenye madini laini ya mfinyanzi.

Afrika Mashariki

Mwaka uleule ripoti ya Reid ilipotoka, tarehe 13 Desemba 1910, eneo la Rukwa, katika Tanzania ya leo, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, linalohesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa katika Bonde la Ufa. Tetemeko la Subukia, Kenya, la 6 Januari 1928 lilikuwa la ukubwa wa 6.9 na liliacha mpasuko mrefu juu ya ardhi. Hapa mabamba yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo mkazo hujikusanya polepole mno.

Julai 2007, mlima Gelai kaskazini mwa Tanzania ulitikisika mara nyingi, na mtikisiko mkubwa zaidi, wa ukubwa wa 5.9, ulisikika hadi Nairobi. Picha za rada za setilaiti zilionyesha kwamba ufa uliteleza kimya kwa siku kadhaa kabla magma haijajipenyeza ardhini. Septemba mwaka huo Ol Doinyo Lengai, jirani yake, ukaanza kulipuka. Vituo vya GPS katika bonde hilo sasa hufanya kazi ambayo Reid aliikusudia kwa nguzo zake.