Nani Aliupanga Mji Wetu? Historia Fupi ya Halmashauri za Buha

Ukitoka Kigoma mjini kwenda Manyovu, ukishapita Mwandiga unaanza kupanda milima. Lami ipo, kama kilomita 60 hivi, na pembeni yake nyumba zimejipanga mstari, kijiji baada ya kijiji, hadi mpakani na Burundi. Mgeni akiona hivyo hudhani Waha wamekaa namna hiyo tangu zamani. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku bibi aliponinyooshea kidole bonde moja lenye migomba iliyosinyaa, akaniambia kwamba kwetu ni kule chini, huku barabarani tuliletwa.

Neno hilo, “tuliletwa”, ndilo lililonifanya niandike makala hii. Maana ukifuatilia historia ya Kasulu, Kibondo na Manyovu, utakuta jambo moja linajirudia: watu wanahamishwa kwanza, halafu serikali yao ya mtaa inakuja baadaye, ikute kila kitu kimeshapangwa.

Tuanze na makazi yenyewe. Mha wa zamani hakukaa kwenye kijiji cha nyumba zilizobanana. Kila familia ilikuwa na urugo wake, umezungukwa na migomba na mashamba, na jirani yuko kilima cha pili. Juu yao walikuwapo watwale, na juu ya watwale mwami: wa Heru, wa Muhambwe, wa Buyungu na wengine. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916, wakaitawala Buha mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Hapo ndipo mpaka wa Manyovu ulipopata uzito. Ndugu wanaosikilizana lugha, huku Kiha na kule Kirundi, wakajikuta wako kwenye tawala mbili.

Waingereza waliwatumia mabwami kama serikali za wenyeji, chini ya sheria ya mwaka 1926. Kodi ilikusanywa na mwami, amri ikatoka bomani. Na jambo la kwanza kubwa la “mipango” lilikuja na malale. Katika miaka ya 1930, kwa kuogopa mbung'o, watu wengi wa upande wa Kibondo walitolewa maporini wakakusanywa kwenye makazi ya pamoja. Nia ilikuwa afya, hilo tusilikatae. Lakini ardhi iliyoachwa iligeuka pori zaidi, na sehemu kubwa ya ukanda wa Moyowosi leo ni hifadhi ya wanyama. Waliotoka hawakurudi.

Uhuru ulipokuja, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekuwa na jina kubwa Tanganyika nzima, naye akawa raia kama wengine. Mahali pa mabwami pakachukuliwa na halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa. Zilikuwa changa na maskini, lakini angalau mtu wa Manyovu alikuwa na diwani wa kumlalamikia.

Sasa, msomaji, shika huu mwaka: 1972. Mwaka huo serikali ilianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri, lakini kilichofanyika ni kuzifuta halmashauri za wilaya. Madaraka yakapelekwa kwa maofisa wa mkoa na wilaya, walioteuliwa kutoka juu. Halmashauri za miji nazo zikafuata. Na ni mwaka huohuo ndipo Operesheni Kigoma ilipoanza, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima, na lengo likawa kumaliza mwaka 1976.

Unaona kilichotokea? Badiliko kubwa kuliko yote katika ramani ya Buha lilifanyika wakati ambao hakukuwa na diwani hata mmoja. Mwaka 1973 huohuo iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mji ule ukachorewa ramani na wataalamu. Kwetu wataalamu hawakuja. Kilichokuja ni magari, kamba ya kupimia, na amri ya kubomoa. Wako waliofaidika, na tuseme ukweli: shule, zahanati na bomba la maji vilikuwa rahisi kufika penye watu wengi. Lakini mashamba yalibaki mbali, mbolea ya ng'ombe ikabaki mbali na migomba, na makaburi ya wazee yakabaki bondeni peke yake.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji, zikaanza kazi 1984. Mwaka huo Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Ila zilirithi vijiji ambavyo hazikuvipanga.

Kabla hazijasimama vizuri, likaja wimbi la wakimbizi. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, watu walimiminika Kasulu na Kibondo. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa: kambi baada ya kambi. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea wimbi jingine la Warundi, wengi wakipitia Manyovu na Kagunga, hadi ikapita watu 100,000. Huo ni mji, jamani, uite upendavyo. Una kanda, vitalu, mabomba na hospitali. Lakini ni mji usio na diwani wala kura, na hatima yake huamuliwa mbali. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na mji mzima ukapotea.

Mwaka huo wa 2012 Buhigwe, ambayo Manyovu imo ndani yake, ilitolewa Kasulu ikawa wilaya. Kakonko ikatoka Kibondo, na Kasulu mjini wakapata Halmashauri ya Mji. Tulishangilia, na haki tulikuwa nayo. Ofisi ikawa karibu. Lakini wakati ofisi zinasogea, kazi zake zilikuwa zinaondoka: barabara za wilaya zikaenda TARURA mwaka 2017, maji ya vijijini yakaenda RUWASA 2019. Diwani anaulizwa kuhusu daraja, naye anabaki kuandika barua.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji una sauti kwenye ardhi yake. Kijiji kikimezwa na mji, kinakuwa mtaa, na mtaa hauna halmashauri ya kijiji inayosimamia ardhi. Mwenyekiti anabaki na muhuri, lakini maamuzi ya viwanja yamehamia kwa maofisa. Mwaka juzi niliona mawe ya mipaka yamesimikwa kwenye shamba la jamaa yangu, na alipokwenda ofisi inayohusika aliambiwa mchoro umeshapita. Ulipita wapi? Mbele ya nani? Hakupata jibu.

Sipingi upimaji. Bila ramani hakuna mtaro, hakuna njia ya gari la wagonjwa, na mvua za milima yetu hazina huruma. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu inaleta wafanyabiashara, na wafanyabiashara wanaleta mji, utake usitake. Ninachosema ni kwamba tumeshapangwa mara nyingi bila kuulizwa: na daktari wa malale, na operesheni, na vita vya jirani. Safari hii halmashauri ipo, mikutano ipo kisheria, na muhtasari wa kila kikao una haki ya kusomwa. Ukisikia kuna mkutano wa kijiji kuhusu kuwa mji mdogo, acha jembe siku hiyo, nenda. Kaa mbele. Uliza mchoro uko wapi, na njia ya kwenda bondeni kwenye makaburi imechorwa au haikuchorwa.