Mvinyo wa Dodoma

Mvinyo wa Dodoma ni mvinyo (pia: divai) unaotengenezwa kwa zabibu za mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki waliohitaji divai ya misa. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, tofauti na Ujerumani ambako huvunwa mara moja.

Aina zinazolimwa ni pamoja na Makutupora nyekundu na Chenin Blanc. Wakulima wengi ni familia zenye mashamba madogo. Baadhi ya zabibu huuzwa mbichi, hata Dar es Salaam, lakini nyingi hutegemea viwanda. Zikiiva huoza upesi. Kiwanda kisiponunua kwa wakati, mkulima hupata hasara. Zikisindikwa kuwa mchuzi wa zabibu, huweza kuhifadhiwa kwenye matangi mpaka mnunuzi apatikane.