Feni ya umeme ya rejeta

Feni ya umeme ya rejeta ni feni ya mota ya volti 12 inayofungwa badala ya ile ya mkanda. Jijini London hufungwa hasa kwenye magari ya kale. Yaliyotimiza miaka 40 na kusajiliwa kuwa ya kihistoria husamehewa ada ya ULEZ, yaani ada ya magari yanayochafua hewa, iliyoenezwa manispaa zote za jiji mwaka 2023, hivyo bado huingia kwenye foleni za jiji. Feni ya mkanda hufuata mwendo wa injini: kwenye foleni huzunguka polepole wakati upepo wa barabarani nao umekatika, na gari huchemsha. Ya umeme huwashwa na swichi ya joto kupitia rilei na fyuzi, hivyo asubuhi ya baridi hutulia na injini hupata joto upesi. Kikwazo kikubwa ni dainamo, ambayo gari likisimama haitoi umeme wa kutosha. Ni busara kufunga altaneta badala yake kwanza.