Njia na Mwangaza: Jinsi Binadamu Alivyojifunza Kuzifuatilia Nyotamkia za Mbali

Kila nyotamkia inapogunduliwa, maswali mawili huulizwa: itapita wapi, na itang'aa kiasi gani? Swali la kwanza lilipata jibu lake katika karne ya 18, na kila kizazi kimelinoa jibu hilo zaidi. La pili lingali linawashinda wataalamu. Kwa muda mrefu yalishughulikiwa kama mambo mawili yasiyohusiana, na ni katika miaka yetu hii tu ambapo nyotamkia za mbali mno zimeyakutanisha.

Daftari za kale zaidi zenye manufaa ni za Wachina. Waliandika habari za nyotamkia ya mwaka 240 KK, ambayo leo tunaijua kuwa ni ile ya Halley. Na katika kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 KK, kilifukuliwa kitambaa cha hariri chenye michoro 29 ya nyotamkia. Makarani wa dola waliziona kama ishara za vita na vifo vya wafalme, lakini waliandika tarehe, kundi la nyota na urefu wa mkia kwa uaminifu mkubwa. Huko Ugiriki, Aristotle alifundisha kwamba nyotamkia ni mivuke ya dunia inayowaka chini ya Mwezi. Katika karne ya 1, Seneca wa Roma alimpinga: alisema zina njia zake, na kwamba siku moja atatokea mtu wa kuzieleza. Hakusikilizwa kwa takriban miaka 1,500. Nadharia ya Aristotle ndiyo iliyotawala, ilhali daftari za makarani ndizo zilizokuja kufaa.

Mwaka 1577 nyotamkia kubwa ilionekana kote duniani. Istanbul, Taqi al-Din aliitazama kwa ajili ya Sultani Murad III na kuitafsiri kuwa bishara ya ushindi. Miaka mitatu baadaye kituo chake cha kutazamia nyota kilibomolewa. Katika kisiwa cha Hven, Tycho Brahe alilinganisha vipimo vyake na vile vya Prague. Kitu kilicho karibu, kikitazamwa kutoka miji miwili, huonekana kimesogea mbele ya nyota zilizo nyuma yake. Mwezi ulisogea, nyotamkia haikusogea kwa kiasi kilichoweza kupimika. Kwa hiyo ilikuwa mbali kupita Mwezi, na mivuke ya Aristotle ikawa haina tena mahali pa kukaa.

Karne iliyofuata ilileta darubini na kanuni. Gottfried Kirch aliiona nyotamkia ya 1680 kwa darubini kabla macho matupu hayajaiona, ya kwanza kugunduliwa hivyo. Isaac Newton akaitumia nyotamkia hiyohiyo katika kitabu chake cha 1687 kuonyesha kwamba mvuto wa Jua unaipinda njia ya nyotamkia kama unavyopinda njia za sayari. Rafiki yake Edmond Halley alikokotoa njia za nyotamkia 24, na mwaka 1705 akatangaza kwamba zile za 1531, 1607 na 1682 ni moja, nayo ingerudi kuelekea mwisho wa 1758.

Kufikia wakati huo Halley alikuwa amefariki, na deni lake lililipwa na wengine. Mjini Paris, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikaa miezi kadhaa wakikokotoa kwa mkono, hatua kwa hatua, jinsi Mshtarii na Zohali zilivyoivuta nyotamkia hiyo. Walipata kwamba Mshtarii ingeichelewesha siku 518 na Zohali siku 100. Clairaut akatangaza kwamba ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, mwezi mmoja mbele au nyuma. Usiku wa 25 Desemba 1758 mkulima wa Saxony, Johann Palitzsch, aliiona. Ikalipita Jua tarehe 13 Machi. Sioni tukio jingine katika karne hiyo lililoipa hesabu heshima kama hili, na inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa ya Lepaute, ambaye Clairaut hakumtendea haki baadaye katika kumtaja.

Baada ya hapo swali la njia lilisonga mbele kwa kasi. Olbers alirahisisha ukokotoaji mwaka 1797, na mwaka 1805 Legendre, akishughulikia njia za nyotamkia, alichapisha kanuni ya miraba midogo kabisa, ambayo leo hutumika katika kila fani inayopima kitu. Mwangaza ulibaki nyuma. Madaraja sita ya mwangaza wa nyota, tuliyoyarithi kutoka kwa Ptolemy (namba ndogo ndiyo yenye mwanga zaidi), yalikuwa makadirio ya jicho hadi mwaka 1856, Norman Pogson alipopendekeza tofauti ya madaraja matano iwe mara 100 kamili. Hata hivyo nyota ni nukta, na nyotamkia ni ukungu. Watazamaji wenye subira wakawa wanaivuruga picha ya nyota katika darubini mpaka itanuke kama nyotamkia, ndipo walinganishe.

Mnamo Septemba 1882 watazamaji wa Rasi ya Tumaini Jema, Finlay na Elkin, waliifuata nyotamkia kubwa mchana kweupe hadi kwenye ukingo wa Jua. Ilipopita mbele ya uso wa Jua hawakuona chochote, hata doa. Kilichong'aa kuliko vyote angani, pembeni mwa Jua lenyewe, kilikuwa na kiini kidogo kiasi cha kutoonekana. Hapo ilidhihirika kwamba mng'aro wa nyotamkia hautuambii ukubwa wake. David Gill aliipiga picha papo hapo Rasi. Nyota nyingi zilizotokea kwenye picha hizo zilimsukuma kuanzisha orodha ya nyota za kusini kwa njia ya picha.

Sababu ya mng'aro huo ilielezwa mwaka 1950, kupitia fumbo jingine. Nyotamkia ya Encke, inayolizunguka Jua kila miaka 3.3, ilikuwa ikifika mapema kwa saa mbili na nusu hivi kila mzunguko, na mvuto peke yake haukutosha kueleza. Fred Whipple alisema kiini ni donge la barafu na vumbi. Jua likilipasha joto, gesi hufumuka na kulisukuma donge. Mwaka huohuo Jan Oort alieleza zinakotoka nyotamkia za mizunguko mirefu: wingu kubwa mno linaloizunguka familia ya Jua, mbali kwa makumi ya maelfu ya vizio vya umbali wa Dunia na Jua.

Kutokana na hayo, hesabu ya mwangaza ikapata msingi, na pia ikajulikana kwa nini si ya kuaminika. Mwanga wa jiwe tupu hupungua kwa kipimo cha miraba ya umbali wake kutoka Jua na kutoka Dunia. Nyotamkia huongeza vumbi na gesi kadiri inavyokaribia, kwa hiyo mwanga wake hupanda kwa kasi zaidi, na kasi hiyo hutegemea barafu iliyomo. Barafu ya maji huamka sawasawa ikiwa ndani ya vizio vitatu hivi. Kaboni monoksidi huamka mbali zaidi. Nyotamkia inayokuja kwa mara ya kwanza huwasha akiba yake ya juujuu ikiwa bado mbali, halafu huishiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kohoutek, iliyogunduliwa Machi 1973 ikiwa mbali. Magazeti yaliitangaza kuwa nyotamkia ya karne. Ilipofika Desemba, umma uliona kidogo sana. Njia yake ilikuwa sahihi. Kinyume chake kilikuja Oktoba 2007, nyotamkia ya Holmes ilipopanda kutoka daraja la 17 hadi karibu la 3 kwa muda wa siku mbili hivi, bila onyo lolote.

Machi 2003 darubini za VLT huko Chile ziliinasa nyotamkia ya Halley ikiwa vizio 28 kutoka Jua, na mwangaza wa daraja la 28. Ilikuwa palepale ilipotarajiwa. Mwaka 2021 likatokea jambo kubwa zaidi. Pedro Bernardinelli na Gary Bernstein, wakipekua picha zilizopigwa Cerro Tololo, Chile, kwa ajili ya utafiti wa nishati ya giza, walikuta kitu kilichokuwa vizio 29 kutoka Jua mwaka 2014, kikiingia kutoka umbali wa takriban vizio 40,000. Katika siku zilizofuata tangazo la Juni 2021, darubini za Namibia na Sutherland, Afrika Kusini, zilionyesha kwamba tayari kina ukungu kukizunguka, kikiwa vizio 20 kutoka Jua. Darubini ya anga ya Hubble ikapima kiini: kipenyo cha kilomita 120 hivi, ilhali cha Halley kina urefu wa 15 tu, na weusi wake unapita wa makaa. Mwaka 2024 darubini za ALMA ziliona mikondo ya kaboni monoksidi ikifumuka kutoka humo kwa umbali wa zaidi ya vizio 16. Gesi hiyohiyo inayoleta mwangaza ndiyo inayoweza kukisukuma kiini; anayekokotoa njia hawezi tena kumwachia mwenzake hesabu ya mwanga.

Nyotamkia hii, C/2014 UN271, itafika karibu kabisa na Jua Januari 2031, vizio 10.9, nje kidogo ya mzingo wa Zohali, na haitaonekana kwa macho matupu. Tarehe hiyo hakuna anayeitilia shaka. Kuhusu mwangaza, makadirio yanatofautiana, kwa sababu nyotamkia nyingine za mbali zimewahi kulipuka ghafla. Darubini ya Vera Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025 huko Cerro Pachón, imekusudiwa kulipiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10, na mkondo wa mwanga utakaochorwa humo utawapa watafiti rekodi ndefu ya nyotamkia inayoamka mbali na Jua.